Kutoka Kericho hadi London: Jinsi ya Kuhesabu Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, hadi uwanja wa Heathrow, London, ni takriban kilomita 6,840. Ndege isiyotua njiani huukata umbali huo kwa muda wa saa 9 hivi. Hayo ndiyo majibu wanayopewa wengi wakiuliza, nayo ni ya kweli. Hata hivyo, mkazi wa Londiani, Litein, Sotik au Longisa haanzii safari yake JKIA. Huanzia nyumbani, hupitia barabarani, hupanga foleni, hupanda ndege, kisha hupanga foleni nyingine katika nchi ambayo saa zake si zile za Kenya.

Wauguzi, wanafunzi, wanariadha na wafanyakazi wa nchi za Ghuba wanaotoka Kericho na Bomet wote hupitia hatua hizo. Mara nyingi tikiti ya mmoja wao imelipwa kwa bonasi ya majani chai, kwa ng'ombe aliyeuzwa na kwa harambee ya jamaa na majirani. Anayefika uwanjani kaunta ikiwa imefungwa huweza kupoteza fedha hizo, na wakati mwingine hupoteza hata nafasi ya kazi au ya masomo iliyokuwa na tarehe maalumu ya kuripoti. Makala haya yanaeleza hesabu inayomwezesha msafiri na familia yake kujua safari itachukua muda gani, na kutambua mahali ambapo saa hupotea.

UMBALI KATI YA VIWANJA VIWILI

Dunia ni mviringo. Umbali unaotajwa kati ya viwanja viwili vya ndege hupimwa juu ya mviringo huo kwa njia iliyo fupi kuliko zote, iitwayo duara kuu. Yeyote mwenye tufe la dunia, kama lile linalotumika shuleni, anaweza kuiona njia hiyo. Hushika uzi, huweka ncha moja Nairobi na nyingine London, kisha huuvuta hadi ukaze. Mahali uzi unapopita ndipo ilipo njia fupi.

Ramani ya ukutani huweza kupotosha kwa sababu imebandua mviringo na kuulaza bapa. Katika ramani ya namna hiyo, anayetaka kwenda New York kutoka Nairobi hudhani kwamba ndege itavuka Kongo na kutokea Bahari ya Atlantiki upande wa magharibi. Uzi juu ya tufe huonyesha vingine. Unaelekea kaskazini-magharibi, unapita juu ya Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, unatoka Afrika kwenye pwani ya Moroko, ndipo unavuka bahari. Njia hiyo ni ya takriban kilomita 11,840.

Wanafunzi wa kidato cha nne wanaosoma mada ya latitudo na longitudo katika hisabati wana kifaa kingine. Mzingo wa dunia ni takriban kilomita 40,000. Mzingo huo ukigawanywa kwa nyuzi 360, kila nyuzi moja ya duara kuu huwa kilomita 111 hivi. Kwa viwanja viwili vilivyo karibu na mstari mmoja wa longitudo, hesabu huwa rahisi. JKIA iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, na uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko nyuzi 9 kaskazini mwa ikweta. Kwa kuwa viko pande mbili tofauti za ikweta, nyuzi hizo hujumlishwa na kuwa 10.3. Zikizidishwa kwa 111, jibu ni kilomita 1,143. Umbali halisi ni takriban kilomita 1,160, kwa sababu Addis Ababa iko mashariki kidogo ya Nairobi.

KUTOKA KILOMITA HADI SAA

Ndege kubwa ya abiria ikiwa angani hukimbia takriban kilomita 900 kwa saa. Lakini haianzi na kasi hiyo. Huondoka polepole kwenye maegesho, husubiri zamu yake ya kupaa, hupanda angani kwa dakika 20 au zaidi, na huanza kupunguza mwendo mapema kabla ya kutua. Kwa sababu hiyo, kugawanya kilomita kwa 900 hutoa muda mfupi kuliko ule halisi.

Kanuni nyepesi inayokaribia ukweli ni hii: umbali kwa kilomita hugawanywa kwa 800, kisha nusu saa huongezwa. Mifano ifuatayo inaanzia JKIA.

Mombasa: kilomita 420, muda wa saa 1.
Addis Ababa: kilomita 1,160, muda wa saa 2.
Doha: kilomita 3,350, muda wa karibu saa 5.
Dubai: kilomita 3,560, muda wa saa 5.
London: kilomita 6,840, muda wa saa 9.
New York: kilomita 11,840, muda wa zaidi ya saa 15.

Anayeuziwa tikiti na kuambiwa kwamba ndege itamfikisha London kwa saa 6 ana haki ya kuuliza maswali, kwa maana hakuna ndege ya abiria inayotoa huduma hiyo leo. Vilevile, akiambiwa kwamba safari ya Doha ni saa 14, ajue kwamba kuna kituo cha kusubiri katikati ambacho hajaelezwa.

KWA NINI KWENDA SI SAWA NA KURUDI

Safari za moja kwa moja za Kenya Airways kati ya Nairobi na New York zilianza Oktoba 28, 2018. Zilipotangazwa, muda wake ulitajwa kuwa saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Kilomita ni zilezile. Kinachotofautisha ni upepo.

Juu sana angani, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 ambako ndege hizo hupita, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa juu ya Atlantiki ya Kaskazini. Mara nyingi kasi yake hupita kilomita 160 kwa saa. Ndege inayokwenda Marekani hukabiliana na upepo huo usoni. Inayorudi Kenya husukumwa nao kutoka nyuma. Mikondo hiyo huwa na nguvu zaidi katika miezi ya baridi ya kaskazini, hivyo ratiba ya Januari huweza kutofautiana na ya Julai.

Sababu nyingine ya safari kurefuka ni anga iliyofungwa. Njia fupi kutoka Nairobi hadi London hupita juu ya Sudan Kusini, Sudan na Libya, kisha huvuka Bahari ya Mediterania na kuingia Italia. Vita vilipozuka Sudan Aprili 15, 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na marubani wakalazimika kuzunguka kupitia nchi jirani. Juni 23, 2025, Qatar nayo ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, muda mfupi kabla ya shambulio la makombora. Abiria waliokuwa wabadilishe ndege Doha wakajikuta wamekwama katika viwanja mbalimbali duniani.

Wakulima wa chai wameliona jambo kama hilo baharini. Mwishoni mwa mwaka 2023 meli zilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi za meli zikaanza kuzunguka kusini mwa Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mombasa haikusogea, wala bandari za Ulaya hazikusogea, lakini shehena ilikaa baharini siku nyingi zaidi. Ndivyo ilivyo kwa ndege pia. Umbali wa kwenye tufe ni mmoja, ila njia inayofuatwa siku ya safari huamuliwa na upepo, usalama na ruhusa ya nchi zilizo njiani.

SAA ZA KILA NCHI

Tikiti huandikwa kwa saa za mahali husika. Saa ya kuondoka Nairobi ni ya Kenya, na saa ya kufika London ni ya London. Anayetoa moja kwa nyingine bila kurekebisha tofauti hupata jibu lisilo sahihi.

Qatar na Saudi Arabia hutumia saa zilezile za Kenya. Dubai na nchi ya Oman zimetangulia kwa saa moja. Uingereza iko nyuma ya Kenya kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto, kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. New York iko nyuma kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa joto, na huko mabadiliko hufanyika Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kenya haibadilishi saa zake mwaka mzima.

Kwa mfano, ndege inaondoka JKIA saa 09:00 mwezi wa Januari na kukaa angani muda wa saa 9. Kwa saa za Kenya itatua 18:00. London iko nyuma kwa saa 3, kwa hiyo tikiti itaonyesha kuwasili 15:00. Anayetoa 9 kwenye 15 atadhani safari ni ya saa 6. Saa 3 zilizobaki hazikupotea. Zimefichwa na tofauti ya saa za nchi hizo mbili.

Wakati wa kurudi, mambo hugeuka. Ndege inayoondoka New York saa sita mchana Jumapili mwezi wa Januari, ikiruka muda wa saa 14, hufika Nairobi saa nne asubuhi Jumatatu. Tikiti huweka alama ya +1 kando ya saa ya kuwasili. Maana yake ni kwamba ndege itafika siku inayofuata tarehe ya kuondoka. Familia isiyoitambua alama hiyo huweza kukodi gari kutoka Bomet hadi Nairobi kumpokea jamaa yao, ikalala uwanjani, kumbe mgeni bado yuko Marekani.

KUSOMA TIKITI KWA SAA ZA KISWAHILI

Hapa ndipo makosa yanapotokea kwa urahisi. Tikiti hutumia saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane, ilhali Waswahili huanza kuhesabu alfajiri na tena magharibi. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni saa 6. Mtu akiona 08:00 kwenye tikiti na kuwaambia wazazi wake kwamba ndege ni "saa nane," nao wakaelewa saa nane mchana, atafika JKIA ndege ikiwa imeondoka zamani.

Kanuni tatu zinatosha.

Kwanza, kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6. Kwa hiyo 08:00 ni saa mbili asubuhi, na 15:00 ni saa tisa alasiri.

Pili, kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18. Kwa hiyo 20:00 ni saa mbili usiku, na 23:00 ni saa tano usiku.

Tatu, kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza 6. Kwa hiyo 02:00 ni saa nane usiku, na 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Kanuni ya tatu ina mtego wa tarehe. Ndege iliyoandikwa Jumatano 00:40 huondoka usiku wa kuamkia Jumatano. Msafiri anapaswa kuwa JKIA Jumanne usiku, na kuondoka nyumbani Jumanne mchana. Anayesubiri hadi Jumatano jioni amechelewa kwa karibu siku nzima. Ndege nyingi za kwenda mbali huondoka Nairobi usiku, kwa hiyo mtego huu si wa nadra. Moja ya faida za usiku ni hewa baridi: JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi. Joto huifanya iwe nyepesi zaidi, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hupaa kwa taabu. Usiku hewa hupoa na kazi hiyo hupungua.

Njia salama ni familia kuandika kwenye karatasi moja mambo manne: siku ya kuondoka nyumbani, saa ya kuwa uwanjani, saa ya ndege kuondoka, na siku na saa ya kufika. Kila saa iandikwe kwa namba za tikiti na kwa maneno ya Kiswahili. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya dereva atakayempeleka msafiri.

SEHEMU YA SAFARI ILIYO ARDHINI

Kutoka mji wa Kericho hadi Nairobi ni takriban kilomita 260 kwa barabara, kupitia Londiani, Mau Summit, Nakuru na Naivasha. Kutoka Bomet ni takriban kilomita 230 kupitia Mulot, Narok na Mai Mahiu. Barabara ikiwa wazi, gari huchukua saa 5 hadi 6 kufika JKIA. Lakini barabara hizo zina mambo yake. Ukungu hushuka Mau, malori hujipanga miteremko ya Sachangwan na Salgaa, na magari husongamana Nairobi jioni. Machi 2018 ufa mkubwa ulikata barabara ya Narok karibu na Mai Mahiu baada ya mvua kubwa. Msafiri anayetegemea njia moja tu bila muda wa ziada huiweka safari yake yote mikononi mwa lori moja lililoharibika.

Kwa safari za kimataifa, abiria hushauriwa kufika uwanjani saa 3 kabla ya ndege kuondoka. Kwa kawaida kaunta ya mizigo hufungwa takriban saa moja kabla ya kuondoka, na ikifungwa haifunguliwi kwa ajili ya mtu mmoja, hata kama ndege bado inaonekana dirishani.

Hesabu ya kuondoka nyumbani hufanywa kwa kurudi nyuma. Tuseme ndege inaondoka saa 23:55 Jumanne. Saa 3 kabla yake ni 20:55. Safari ya barabarani ni saa 6, hivyo tunarudi hadi 14:55. Saa 2 za dharura zinaturudisha hadi 12:55. Msafiri huyo anapaswa kuwa ameondoka Kericho kabla ya saa saba mchana. Wakati wa mvua kubwa, au iwapo kuna dalili yoyote ya barabara kufungwa, kulala Nairobi usiku uliotangulia huwa nafuu kuliko kununua tikiti mpya.

Baadhi ya wakazi hupendelea kupitia Kisumu, iliyo takriban kilomita 80 hadi 90 kutoka Kericho kwa barabara. Ndege kutoka Kisumu hadi JKIA huchukua dakika 50 hivi. Ukijumlisha saa 2 za barabarani, saa moja na nusu ya kusubiri uwanjani, safari ya angani, na muda wa kuchukua mizigo, jumla hukaribia saa 5 au 6, sawa na gari. Faida yake ni kwamba abiria hushukia ndani ya JKIA, akiwa ameepuka msongamano wa jiji. Hasara hutokea tikiti ya Kisumu ikinunuliwa peke yake, mbali na ile ya kwenda ng'ambo. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haiwajibiki kumsubiri wala kumpangia ndege nyingine. Zikiwa kwenye tikiti moja, jukumu la kumfikisha mwisho wa safari huwa la kampuni iliyouza tikiti hiyo.

Sasa hesabu nzima inaweza kufanywa. Mkazi wa Kericho anayekwenda London hutumia saa 6 barabarani, saa 3 JKIA, saa 9 angani na takriban saa moja na nusu kupita uhamiaji na kuchukua mizigo Heathrow. Jumla ni saa 19 na nusu, kabla ya kuhesabu muda wa dharura. Ndege yenyewe imechukua chini ya nusu ya muda huo. Kilomita zote zikigawanywa kwa saa zote, mwendo wa wastani ni kilomita 364 hivi kwa saa, ingawa ndege hukimbia 900.

KUBADILISHA NDEGE NJIANI

Tikiti zinazopitia mji wa tatu mara nyingi huwa na bei nafuu, na hesabu yake haina siri. Nairobi hadi Doha ni kilomita 3,350, na Doha hadi London ni kilomita 5,240. Jumla ni kilomita 8,590, yaani 1,750 zaidi ya njia ya moja kwa moja. Kwa kanuni yetu, hizo ni zaidi ya saa 2 za ziada angani, pamoja na kupaa na kutua mara ya pili. Juu ya hapo kuna muda wa kusubiri, ambao huweza kuwa saa mbili au saa kumi.

Muda mfupi mno wa kubadilisha ndege ni hatari, hasa kwa anayesafiri mara ya kwanza na asiyekijua kiwanja. Muda mrefu mno humchosha msafiri na kumgharimu chakula. Kabla ya kulipa, ni vyema kuuliza maswali matatu: ndege ya pili inaondoka baada ya muda gani, mizigo inapelekwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari au inachukuliwa njiani, na je, nchi ya kupitia inahitaji viza.

Tikiti halali huwa na msimbo wa herufi au tarakimu 6 unaoweza kuhakikishwa kwenye tovuti ya kampuni ya ndege yenyewe, au katika ofisi zake. Ni vyema msafiri auhakikishe msimbo huo mwenyewe kabla fedha za mwisho hazijatoka mkononi. Kama jina lililo kwenye tikiti halifanani na lile la pasipoti, lirekebishwe mapema, kwa sababu uwanjani huenda muda usitoshe.

MWILI NAO UNA SAA YAKE

Anayevuka tofauti ya saa nyingi hufika mahali ambapo watu wamelala wakati yeye ana njaa, au wanafanya kazi wakati macho yake yanafumba. Kwa kawaida mwili hurekebisha takriban saa moja kwa siku, na safari za kuelekea mashariki huwa ngumu zaidi. Ndiyo sababu wanariadha wanaokwenda kushindana mbali hujitahidi kufika siku kadhaa mapema. Wilson Kiprugut Chuma wa Kericho alipoipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, alikuwa umbali wa takriban kilomita 11,250 kutoka Nairobi, katika mji ambao saa zake zimetangulia za Kenya kwa saa 6.

Muuguzi au mwanafunzi anayeripoti ng'ambo naye anahitaji nafasi hiyo. Tikiti inayomfikisha asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi ni tikiti mbaya hata ikiwa nafuu. Akiwa angani, anywe maji ya kutosha, na kila baada ya muda asimame na kutembea kidogo ili damu isigande miguuni. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo au ya mishipa ya damu wapate ushauri wa daktari kabla ya kununua tikiti.

ZOEZI KWA FAMILIA NA WANAFUNZI

1. Ndege ya kwenda Dubai, kilomita 3,560, inaondoka JKIA saa 22:45. Itafika saa ngapi za Dubai?

2. Tikiti imeandikwa Jumamosi 00:40. Msafiri aondoke Kericho siku gani na saa ngapi, akiweka saa 6 za barabarani na saa 2 za dharura?

3. Jamaa anaondoka London saa 10:00 mwezi wa Julai, na ndege inachukua saa 8 na nusu. Familia imtarajie JKIA saa ngapi?

Majibu. Swali la kwanza: muda wa ndege ni karibu saa 5, hivyo kwa saa za Kenya itatua 03:45. Dubai imetangulia kwa saa moja, kwa hiyo ni 04:45 ya siku inayofuata, yaani saa kumi na dakika 45 alfajiri. Swali la pili: awe uwanjani Ijumaa 21:40, na aondoke Kericho Ijumaa 13:40, yaani saa saba na dakika 40 mchana. Swali la tatu: ndege itatua 18:30 za London. Julai tofauti ni saa 2, kwa hiyo ni 20:30 za Kenya, yaani saa mbili na nusu usiku wa siku hiyohiyo. Waongeze saa moja hivi ya uhamiaji na mizigo kabla ya kumtarajia mlangoni.

Familia itakayoyapata majibu hayo bila kusaidiwa inaweza kuisoma tikiti yoyote. Msafiri anayejiandaa sasa achukue tikiti yake, ahesabu kwa kurudi nyuma kutoka saa ya ndege hadi mlango wa nyumba yake, kisha amwombe mtu mwingine aikague hesabu hiyo kabla gari halijakodishwa.